Msitukatie maneno yanayomwita msikilizaji

Mheshimiwa Mhariri,

Jambo sana, na pole na kazi. Mimi ni mzee wa hapa Kadutu. Gazeti lenu nalianzia nyuma, kwenye matangazo ya vifo, ndipo nirudi kwenye siasa na mpira. Wajukuu wangu wanasema huo ni uzee. Mimi nasema ni kazi, maana kwa miaka mingi nilikuwa msomaji wa komunike, yale matangazo ya vifo na ya familia, katika redio moja ya hapa Bukavu, enzi ambazo simu ilikuwa ya wakubwa, na mtu wa Kamituga alijua kwamba baba yake amefariki mjini kwa sababu redio ilimwambia.

Katika toleo lililopita mlimpa nafasi mwalimu mmoja atusemee ovyo sisi watu wa redio. Anasema tunajaza hewa kwa maneno matupu: «si mnajua», «basi», «jamani», «ule mama», «ninyi mlio huko». Anataka tangazo liseme nani, nini, wapi, lini, na hapo likome. Nisingejisumbua kumjibu, kwa kuwa mwalimu wa nchi hii asipolalamika tutadhani amelipwa. Lakini kurasa chache mbele, katika toleo hilo hilo, kulikuwa na tangazo la kifo cha dada yangu mkubwa, nikaona ofisi yenu imekwisha kumtii kabla sisi wasomaji hatujaipima hoja yake.

Karatasi niliyoleta mezani kwenu ilisema: «Ninyi wa Idjwi, tunajua mambo ya ziwa na mitumbwi. Hatutamzika dada kabla hamjafika. Mazishi ni Jumamosi.» Ninyi mkachapisha: «Mazishi yatafanyika Jumamosi.»

Sina ugomvi na sarufi yenu, sentensi ni safi. Ila mimi niliwaandikia watu wanaongojwa, na wao wakasoma kama watu waliopewa taarifa. Binamu yangu alinipigia simu akiwa na uchungu: «Sasa, tukichelewa, mutamuzika bila sisi?» Jibu la swali hilo lilikuwa kwenye karatasi yangu. Limebaki mezani kwenu.

Niwaeleze kidogo kazi ile ilivyokuwa, kwa sababu vijana wengi wanadhani kusoma komunike ni kusoma tu.

Familia ilikuja asubuhi na karatasi iliyoandikwa usiku, Kiswahili, Kifaransa na Mashi vimechanganyika, huku aliyeandika bado analia. Karibu kila mara karatasi ilianza na jina la marehemu. Sikuwahi kuisoma kwa mpangilio huo. Fikiria mama yuko Nyangezi, sufuria liko motoni, mtoto yuko mgongoni, redio imetundikwa dirishani. Ukianza na jina, na jina ni la mama yake mzazi, umempiga kabla hajajua kwamba unasema naye. Kwa hiyo nilianza kwa kuita mahali: «Tunawaita walio Nyangezi. Tunawaita walio Kamituga, kwenye machimbo. Tunawaita wa Shabunda.» Asiye wa huko aliendelea na shughuli zake. Aliye wa huko alisogea, akapunguza kelele za watoto, akamwita jirani. Baadaye nilitaja ndugu wenyewe: «Mama Furaha, wewe uliyeolewa Nyangezi, Papa Espoir, fundi wa baiskeli.» Jina la marehemu lilipofika, Mama Furaha hakuwa peke yake tena, alikuwa amekaa chini na mtu kando yake.

Kisha nilirudia yote, polepole zaidi. Mara ya kwanza moyo wa msikilizaji unauliza jambo moja tu: ni sisi? Siku ya mazishi haiingii kichwani. Inaingia mara ya pili. Meneja mmoja aliwahi kutaka tusome mara moja tuokoe muda wa matangazo ya biashara, na familia zenyewe ndizo zilizomkatalia.

Kulikuwa pia na msikilizaji wa pili, ambaye mwalimu wetu hamwoni kabisa. Wengi tuliowaita hawakuwa na redio, au redio ilikuwepo na mabuye, yaani betri, yamekwisha. Ndiyo sababu tulimaliza hivi: «Wewe uliyesikia na si wako, umufikishie mwenyewe.» Hapo sisemi na mfiwa. Nasema na mtu asiyehusika, nampa kazi, na nimemheshimu vya kutosha kuamini kwamba ataifanya. Watu walitembea saa nzima mlimani kupeleka neno la mtu wasiyemfahamu. Ukifuata kanuni ya nani, nini, wapi, lini, mstari huo ni wa kwanza kufutwa, na ndio uliokuwa posta yetu.

Niseme na lile la safarini, ambalo liliwahi kutuletea ubishi kwenye semina moja ya waandishi wa habari. Binti amekwenda Uvira kununua ndakala, wale dagaa wa ziwa. Nyuma huku mama yake amefariki. Komunike haikusema hivyo. Ilisema: «Binti fulani, aliyesafiri Uvira, anaombwa arudi nyumbani haraka, mama yake ni mgonjwa sana.» Kila mtu kwenye kituo cha magari alielewa: shoferi, mama wa chakula, wenzake wa biashara. Hakuna aliyemwambia. Shoferi alimweka kiti cha mbele, mwenzake mmoja akabeba mzigo wake, wakapanda naye gari. Nani anataka mtoto wa watu apite miteremko ya Ngomo akilia peke yake katikati ya wageni? Maneno yale yale yalisikika namna mbili. Yeye yalimpa nguvu ya kusafiri, na waliomzunguka yaliwaambia: mchungeni.

Mwalimu wa semina, mtu mwema kutoka nje, alisema huo ni uongo na redio haipaswi kudanganya. Tulimsikiliza kwa adabu. Mimi bado nakataa. Binti huyo alikuwa amekua akisikia komunike za namna hiyo zikiwaita wengine, tangu akiwa mtoto. Akifika Kamanyola alikuwa amekwisha kuelewa, ila alielewa kwa mwendo wake mwenyewe, na hakuna mdomo wa mgeni uliomlazimisha kuelewa pale sokoni. Sasa simu zimeua desturi hiyo. Habari inamfikia mtu kwa picha ya marehemu katika WhatsApp, yuko juu ya pikipiki, na aliyeituma hajui hata imefika kwa nani.

Nirudi kwenye yale maneno matupu.

Ninaposema redioni «si mnaijua nyumba ya marehemu, ukipita Essence unashuka kwa mkono wa kushoto», hiyo «si» inafanya kazi. Inakwambia kwamba nategemea kitu ambacho tayari unacho kichwani, nami sitaanza kukueleza Bukavu kama mtalii. Nikisema «ule mama wa sambaza wa Nguba», yaani muuza dagaa, nakutuma ukamtafute katika kumbukumbu yako na yangu, mahali tunapomjua sote. Nikisema «huyo mama», nimemshika kutoka mdomoni mwako, wewe ndiye uliyemtaja. «Ati» inakuonya kwamba nimesikia tu, usinishike shahidi. Ondoa vyote hivyo na habari itabaki ile ile, ni kweli. Kitakachopotea ni mimi na wewe tumesimama wapi kuhusu habari hiyo.

Na mwalimu atashindwa kufuta kila kitu, maana Kiswahili kimeficha mambo haya hata ndani ya kitenzi. Muuguzi anaweza kukuuliza: «Umeleta karatasi?» Au: «Karatasi umeileta?» Swali la kwanza unaweza kuulizwa na yeyote, hata siku ya kwanza. La pili ataliuliza yule tu mliyekwisha kuongea naye kuhusu karatasi fulani, na anajua kwamba unaikumbuka. Tofauti yote iko katika hako ka-i- kadogo. Nina hakika mwalimu mwenyewe anaingia darasani na kuuliza: «Kazi ya nyumbani mmeifanya?» Watoto wanajua ni kazi ipi, naye anajua kwamba wanajua, ndiyo maana wanatazama chini. Hilo nalo ni hewa?

Siyo sisi tu. Zamani nilifahamiana na padri mmoja Mbaski, mtu wa ile milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa. Kwa lugha yake, alinieleza, ukitaka kusema tu «amekuja» unasema etorri da. Lakini ukiwa unaongea na rafiki yako wa karibu, kitenzi kinabadilika kumfuata yeye: akiwa mwanaume ni etorri duk, akiwa mwanamke ni etorri dun. Aliyekuja anaweza kuwa askofu, anaweza kuwa mbuzi, yeye habadilishi kitu. Anayebadilisha kitenzi ni msikilizaji, ambaye hayumo hata katika habari. Nilicheka sana siku hiyo. Padri hakuona cha kuchekesha. Kwake ilikuwa ajabu kwamba sisi twaweza kusema «amekuja» bila kujali tunamwambia nani.

Mpwa wangu, ambaye anafundisha mambo ya lugha, aliposikia hadithi ya padri akaniongezea ya kwake. Kusini-mashariki mwa Kolombia, katika msitu wa Amazoni, kuna watu wachache wanaosema Kiandoke. Mtaalamu Jon Landaburu ameeleza kwamba katika lugha hiyo kitenzi kisaidizi chenyewe kinaonyesha kama jambo linajulikana kwa msemaji na msikilizaji wote wawili, au kwa mmoja wao, au bado halijulikani kwa yeyote. Wao huwezi kuwakatia «si» yao ukasema ni mapambo. Ukiikata, sentensi haisimami.

Hata hivyo, kati ya mambo yote aliyonisimulia mpwa wangu, nililolipenda zaidi ni la watu wa kazi yangu. Huko Wellington, mji mkuu wa Nyuzilandi, kulikuwa na vituo viwili vya redio ndani ya jengo moja, kimoja cha taifa, kingine cha watu wa mji. Wasomaji wa habari walikuwa wale wale, wakitumikia huku na huku. Mtafiti Allan Bell alitega sikio kwenye kitu kidogo sana, ile t ya Kiingereza inayokaa katikati ya irabu mbili, ambayo huko mtu anaweza kuitamka kavu, au kuilainisha ikaelekea d. Akakuta kwamba msomaji yule yule anaikaza zaidi anaposomea kituo cha taifa, na anailainisha zaidi anaposomea kile kingine. Mdomo mmoja, habari za aina moja. Kilichobadilika ni watu walio upande wa pili, ambao msomaji hawaoni. Bell aliyachapisha mwaka 1984. Mimi wakati huo hakuna aliyeniambia, lakini ungeniuliza ningekwambia: saa ya matangazo ya Kabare na Walungu sauti yangu ilipanda mlima yenyewe, na nikisoma barua za ofisi ilivaa tai.

Kwa hiyo naelewa kwamba kila chombo kina masikio yake. Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inasikika Kisangani, Kindu, Kalemie na Lubumbashi kwa wakati mmoja; mtangazaji wake akisema «ule mama wa Nguba», wa Lubumbashi atamtafuta wapi? Lazima atafute Kiswahili kinachowafikia wote, na huko nako ni kuwafikiria wasikilizaji. Gazeti lenu ni la hapa. Linauzwa Nyawera na Kadutu, linapanda boti kwenda Idjwi na Goma. Kwa nini mnajifanya hamtujui?

Kuna ofisi moja mjini, siitaji, ambayo kila mara inabandika karatasi mlangoni: «Wateja wanajulishwa kwamba huduma itasitishwa.» Wateja gani? Mimi ninayesoma nimesimama hapa na bili mkononi. Nani anasitisha, hadi lini? Karatasi hiyo imeandikwa kana kwamba mbele ya mlango hapana mtu. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliisoma mara mbili kisha akauliza: «Njo kusema turudie nyumbani?» Hakuna aliyeweza kumjibu. Angeandika mtu mmoja tu «Samahanini, rudini Jumatatu», tungejua kwamba ndani kuna binadamu aliyetuona.

Tena sisi wa Kivu tuna adabu zetu ambazo Kiswahili cha vitabu hakituwekei. «Shikamoo» ya Watanzania hapa si salamu yetu, na wageni wanaweza kudhani kwamba hatuna heshima. Heshima tunayo, tumeiweka pengine. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii baba mkwe wake «ukuye kukula», anamwambia «mukuye», ingawa mzee amesimama peke yake. Hamwiti kwa jina, anamwita Papa Furaha, kwa jina la mtoto. Mtu akisahau, hakuna anayemgombeza. Wanatazamana tu, na wiki ijayo utasikia imezungumzwa mpaka Bagira. Nimeona kwamba matangazo yakipita kwenu, «mufike wote» inageuka «wahusika wafike». Mnasema mnasahihisha Kiswahili. Sahihisheni «mufike» iwe «mfike», sina neno. Kugeuza «ninyi» kuwa «wahusika» si usahihishaji.

Mwalimu ana haki mahali pamoja, nami simnyimi. Wako watangazaji vijana ambao kila sentensi ni «wapenzi wasikilizaji», «wapenzi wasikilizaji», hata wakisoma bei ya unga. Hao hawamwiti mtu. Ukiita kila mtu mpenzi tangu asubuhi hadi jioni, hakuna anayegeuka. Na «jamani» ikitumika mara tano katika habari moja inachosha masikio. Akipiga marufuku hayo, nitamsaidia kubandika karatasi. Lakini amewachanganya hao na wanaojua wanasema na nani, akawapiga wote kwa fimbo moja.

Ninyi mtaniambia ni suala la nafasi, kwamba ukurasa ni mdogo na karatasi ni ghali. Sawa. Basi kateni vyeo. Katika tangazo moja la wiki iliyopita nimesoma vyeo vya marehemu, vya watoto wake, vya wakwe zake na vya mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mistari minane, kabla ya kuambiwa kilio kiko mtaa gani. Kateni «kwa majonzi makubwa na huzuni isiyo na kifani»; nani ametangaza kifo kwa furaha? Tuachieni tunaowaita, mahali walipo, tunachowaomba wafanye, na neno moja la kuonyesha kwamba tunaijua njia watakayopita. Mkiona ni marefu, mniite nilipie. Nimelipia maneno ya bure mengi kuliko hayo katika maisha yangu.

Arobaini ya dada yangu inakaribia. Tangazo nitalileta mwenyewe, na nitakaa hapo mezani mpaka mlipange nikiona. Mwalimu naye akipenda, aje kwangu Jumapeli baada ya misa. Bado nina katoni nzima ya karatasi za komunike za zamani, zenye machozi na makosa ya tahajia, tutazisoma pamoja na atanionyesha neno tupu liko wapi. Si anapajua pale wanapouza makala ya kupikia, chini ya soko? Aulize mzee wa komunike, watoto watamleta.

Wenu,
Msomaji wa komunike mstaafu,
Kadutu, Bukavu